Patupu Pana Mwenyewe

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, wenye saiba na wanafunzi wa ufundi, Ukunda, Kaunti ya Kwale

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya kila wiki: kupiga mfumo endeshi kwenye kompyuta, hasa mfumo ambao fundi mwenyewe hajauzoea. Na ndani ya kazi hiyo nimeombwa nishike pale panapotutoa jasho, yaani kwenye diski. Sauti ikikosekana, draiva itatafutwa. Skrini ikileta rangi mbovu, kesho itapoa. Lakini mkono ukiteleza kwenye ule ukurasa wa kugawa diski, mteja hupoteza kazi ya miaka, na fundi hupoteza jina. Jina la fundi hapa Ukunda halichukui siku mbili kufika Msambweni.

Basi nianze na kosa langu, maana anayefundisha watu kuogelea ni vizuri aseme siku aliyokunywa maji.

Miaka kadhaa nyuma, mwalimu mmoja wa Msambweni, mama wa makamo, aliniletea laptopu yake. Windows ilikuwa imegoma, akataka nimpigie upya. Nilimuuliza swali moja tu: ataijia lini. Nikachomeka flashi, nikaiwasha kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye flashi, nikafika kwenye orodha ya patisheni. Ile ya Windows niliiona. Chini yake palikuwa na nyingine, kama GB 200 hivi, haina jina, na safu ya nafasi iliyobaki ilionyesha GB zile zile 200. Nikasema moyoni: hii haijawahi kutumika, mama wa watu ananyimwa nafasi bure. Nikaifuta, nikaiunganisha na ile ya Windows, nikabonyeza kitufe cha kuendelea, nikaenda kunywa chai.

Ile patisheni ilikuwa imejaa. Mwanawe aliyekuwa chuoni alikuwa amemwekea Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, pembeni ya Windows, na mama, kwa kuwa alikuwa ameambiwa huko virusi havifiki, ndiko alikoweka alama za wanafunzi na picha za jamaa zake. Mimi Linux wakati ule nilikuwa nikiisikia tu. Windows nayo haisomi mpangilio wa faili unaoitwa ext4, ambao Ubuntu huutumia. Kwa hiyo kisakinishi chake kilipoitazama patisheni ile, hakikuona faili hata moja, na kwa kuwa hakikuona kitu kikahesabu kuwa nafasi yote ipo.

Mama nitamrudia mwishoni. Kwa sasa nataka tulishike neno lile lililoniponza: tupu.

Hapana, hakuna, hamna

Kiswahili kina njia tatu za kukana uwepo wa kitu, na mtoto wa Pwani hazichanganyi. Hapana kitu: mahali hapa ninapopaonyesha. Hakuna kitu: huku kwa jumla. Hamna kitu: humo ndani. Mtu akigonga mlango wako, akatazama kibaraza na kusema "hapana mtu," amesema kweli kuhusu kibaraza. Hajasema lolote kuhusu chumbani.

Kisakinishi ni mgeni wa kibarazani. Kinasoma kile kinachoweza kusoma, kisha kinasema hapana. Sisi tunasikia hamna. Tofauti ya maneno mawili hayo ndiyo iliyowaliza wateja wengi, na ndiyo maneno yangu yote ya leo: kompyuta ikikuambia pahali ni patupu, imekuambia mipaka ya ujuzi wake. Kilichomo humo ndani bado hujakijua.

Ninalisema hili sasa kwa sababu wakati wake umefika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, na laptopu nyingi tunazouziana hapa, zile za ex-UK zilizotoka maofisini kwa watu, hazimo. Mashine ni nzima, kibodi ni nzima, ila mlango wa Windows mpya umefungwa. Mwenye saiba anafanya nini? Anaambiwa ajaribu Ubuntu, au Linux Mint, au nyingine ambayo jina lake alilisikia jana. Hata kwenye vituo vya afya fundi atakutana nazo: mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, umekuwa ukiwekwa kwenye kompyuta za Ubuntu nchini mwetu kwa miaka mingi. Kijana aliyezoea Windows pekee akiitwa siku moja kutengeneza kompyuta ya zahanati, atakaa mbele ya diski asiyoijua, yenye siri za watu ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde. Hapo neno "tupu" ni zito.

Sajili na minazi

Kuelewa diski, sisi watu wa Kwale hatuhitaji mfano wa mbali. Tunao wa ardhi, na tumeulipia.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hatimiliki za Ardhi kwa ukanda huu wa Pwani. Mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze, adai, athibitishe, aandikwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Sasa babu zetu wengi wa Kidigo na Wamijikenda wengine umiliki wao haukuwa kwenye karatasi. Ulikuwa kwenye koo, kwenye makaburi, kwenye mnazi uliopandwa na fulani bin fulani. Karani alifungua sajili yake, akatazama, akaona patupu. Watu wakalala wenyeji wakaamka maskwota. Katazameni Kaya Kinondo, hapa hapa jirani: mgeni asiyeambiwa kitu ataona msitu tu, miti na nyani. Mwenyeji anajua mna makaburi na mna maombi. UNESCO iliziandika kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kabla ya hapo hazikuwa tupu, zilikuwa hazijaandikwa kwenye orodha ile.

Diski inakwenda hivyo hivyo. Mwanzoni mwake kabisa pana sajili. Sajili ya zamani, MBR, ilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, na ukubwa wake unashangaza: imekaa ndani ya baiti 512, na sehemu inayotaja mipaka ya patisheni ni baiti 64 tu. Viingilio vinne, kila kimoja baiti 16. Ndiyo sababu diski ya MBR haikubali patisheni kuu zaidi ya nne, na ndiyo sababu fundi akijaribu kuongeza ya tano huambiwa nafasi ipo lakini haitumiki. Wengi hapo huanza kufuta. Mwenye subira huigeuza moja ya zile nne kuwa patisheni pana ya kubeba nyingine ndani yake, kama kiwanja cha ukoo kinachogawiwa watoto bila kubadilisha hati kuu. Isitoshe, sajili hii haiwezi kuandika mpaka unaozidi takriban TB 2. Diski ya TB 4 ukiipa MBR, nusu yake itabaki pori.

Sajili mpya ni GPT, inayokwenda sambamba na UEFI, ile programu ya ubaoni iliyoirithi BIOS ya kale. Hii kwa kawaida ina viingilio 128, na ina jambo moja la busara: nakala ya sajili huwekwa mwisho wa diski. Mwanzo ukiharibika, mwisho unashuhudia. Laiti ofisi zote za ardhi zingekuwa hivyo.

Lakini sajili ni mipaka tu. Juu ya ardhi pana minazi, na kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe ambaye siye mwenye ardhi. Patisheni ni kiwanja. Mpangilio wa faili, uwe NTFS wa Windows, ext4 wa Linux au FAT32 wa flashi, ni shamba lililopandwa juu yake. Faili ni nazi. Ukifuta patisheni umechana karatasi ya mipaka. Minazi imesimama bado. Ukifomati umelichana na daftari la nani alipanda mti gani. Nazi bado ziko juu. Ukianza kunakili mfumo mpya humo ndani, sasa ndipo unapofyeka. Ngazi tatu hizo zikae vichwani mwenu, kwa sababu fundi aliyegundua kosa akiwa kwenye ngazi ya kwanza anaweza kuponya karibu kila kitu, na wa ngazi ya tatu ataokoa masalio.

Jina la kipande na jina la mtaani

Tatizo la pili la mfumo mgeni ni majina. Sote tunamjua mtu ambaye kwenye kipande, yaani kitambulisho, ni mwingine, mtaani ni mwingine, na nyumbani ni Baba Fulani. Ukimuulizia kwa jina moja mahali pasipo pake, utaambiwa hatumjui.

Windows huziita patisheni kwa herufi: C, D, E. Inaanzia C kwa sababu A na B zilikuwa za diski laini, ambazo nusu yenu hamjaziona. Herufi hizo hazikuandikwa kwenye diski kama jina la mashua. Windows huzigawa yenyewe. Ndiyo maana ukiingia kwa flashi ya kusakinishia, ile D ya mteja inaweza kujitokeza kama C. Linux huziita diski sda, sdb, au nvme0n1 kwa zile SSD za kisasa, na nambari inayoongezwa mwishoni mwa jina hilo ndiyo patisheni. FreeBSD nayo ina yake: ada0, ada1. Na kisakinishi cha Windows huhesabu diski kuanzia sifuri, kwa hiyo diski "ya 1" ni ya pili.

Mtego uko hapa: kwenye Linux, sda si lazima iwe diski ya ndani. Leo inaweza kuwa diski ya ndani, kesho ukawasha na flashi imechomekwa, flashi ikawa sda na diski ikawa sdb. Fundi aliyekariri herufi ameshafuta kitu asichokikusudia.

Dawa ni kutambua diski kwa umbo lake: ukubwa, jina la kiwanda, nambari yake ya pekee. Na ukubwa wenyewe una kiinimacho. Diski iliyouzwa kwa jina la GB 500 itaonekana 465 kwenye Windows. Hakuna aliyekuibia. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Ya GB 256 huonekana 238, ya TB 1 huonekana 931. Jueni nambari hizi kama muuza samaki anavyojua ratili, maana mara nyingi ndizo zitakazowaambia ipi ni ipi.

Kisakinishi kinapogoma

Sasa tuingie jikoni. Nitataja migomo minne tunayokutana nayo, na kila mmoja nitauliza: unasema nini?

Mgomo wa kwanza: diski haionekani kabisa. Kabla ya kulaumu mfumo, ingia kwenye BIOS utazame kama bodi yenyewe inaiona diski. Kama haiioni, rudi kwenye bisibisi. Sisi tunaishi ufukweni. Hewa ya Diani ina chumvi, na chumvi hula miguu ya shaba kimya kimya. Mara nyingi kuchomoa diski, kusafisha miguu yake kwa spiriti safi na kuirudisha kumetosha. Lakini kama BIOS inaiona na kisakinishi hakiioni, ugonjwa ni mwingine: bodi imeiweka diski nyuma ya pazia la Intel, lile la RAID, RST au VMD. Kwenye laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, kisakinishi cha Windows huleta orodha isiyo na diski hata moja mpaka upakie draiva ya Intel kutoka kwenye flashi. Visakinishi vya Linux vingine hukushauri ubadilishe BIOS iwe AHCI, hali isiyo na pazia hilo. Ushauri ni sahihi, ila kama kuna Windows ndani unayotaka ibaki, ukibadilisha ghafla haitawaka. Iamuru kwanza ikiwaka tena iingie katika hali salama, halafu ubadilishe, halafu uiwashe, ndipo uirudishe hali ya kawaida. Na tazameni: hapa orodha ilikuwa tupu, na diski ilikuwepo.

Mgomo wa pili: Windows inasema haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu sajili yake ni GPT, au kinyume chake, ni MBR. Mafundi wengi hapa huandika amri ya kusafisha diski yote, na mgomo kweli huisha, pamoja na kila kitu. Ngojeni. Kisakinishi hakilaumu diski. Kinakulaumu wewe kwa mlango ulioingilia. Flashi moja hiyo hiyo mara nyingi hujitokeza mara mbili kwenye orodha ya kuwashia: mara moja ikiwa na neno UEFI mbele yake, mara nyingine bila. Ukiingia kwa UEFI, Windows hutaka GPT. Ukiingia kwa mlango wa zamani hutaka MBR. Zima, washa, chagua mstari ule mwingine. Dakika mbili. Na ikiwa kweli unataka kuhama kutoka MBR kwenda GPT, Windows 10 tangu 2017 ina chombo kiitwacho mbr2gpt kinachobadilisha sajili bila kugusa minazi.

Mgomo wa tatu: Linux inakataa kuipunguza au kuifungua patisheni ya Windows. Inasema haikuzimwa vizuri. Mteja anaapa aliizima. Wote wawili wanasema kweli. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, mfumo haufi, unasinzia nusu, ili kesho uamke haraka. Patisheni inabaki imeshikwa, kama mtu aliyetoka nje lakini ameacha ufunguo ndani ya kitasa. Izime ukiwa umeshikilia Shift, au iondoe kabisa ile hali ya kuwaka haraka. Na kupunguza ukubwa wa patisheni ya Windows, mwachieni Windows mwenyewe aifanye kazi hiyo kwa chombo chake cha kusimamia diski. Anajua faili zake zimelala wapi. Katika mgomo huu huu chungeni BitLocker. Laptopu nyingi za sasa hufungwa kwa usimbaji fiche bila mwenyewe kujua, na mfumo mgeni ukiitazama patisheni hiyo utaona matapishi ya herufi. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Utafuteni kwenye akaunti ya mteja kabla hamjagusa BIOS, kwa sababu hata kubadilisha mpangilio wa BIOS kunaweza kuifanya kompyuta iudai.

Mgomo wa nne huja baada ya sherehe. Umemaliza, umewasha, na kompyuta inakwenda kwenye mfumo wa zamani kana kwamba hukuwahi kuja. Au inakwenda kwenye mpya na wa zamani hauonekani. Wavuvi wetu wanajua kwamba mbele ya Diani pana mwamba, na mashua haipandi mwamba, hutafuta mlango. Diski ya UEFI ina mlango wa namna hiyo: patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi MB 100 tu, ambamo kila mfumo huweka programu yake ya kuwashia. Mifumo miwili hupita mlango mmoja kwa amani. Fundi akiiona ndogo akaidharau, akaifomati ili "kupanga vizuri," ameziba mlango wa mashua zote. Ukiwa haujazibwa, mara nyingi kilichobaki ni kubadilisha nani atangulie kwenye orodha ya UEFI. Na kama Linux haiionyeshi Windows kwenye menyu yake, kumbukeni kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB, programu inayoleta menyu hiyo, huja ikiwa imezimiwa kazi ya kutafuta mifumo mingine. Windows haijafa. Haijatafutwa.

Kinapokubali

Mmeona migomo minne. Hakuna hata mmoja ulioharibu faili. Kila mmoja ulikuwa mlinzi aliyesimama mlangoni akisema, ngoja kwanza. Siku niliyomwaga unga wa mwalimu, kisakinishi hakikugoma hata kidogo. Kilikuwa mpole kama mwenyeji wa hoteli. Kila nilichobonyeza kilisema ndiyo.

Kwa hiyo mgomo usiwatishe. Ogopeni mnapoona mambo yanakwenda laini. Lile chaguo lililo kwenye visakinishi vingi vya Linux, la kufuta diski yote na kusakinisha, ndilo jepesi kuliko yote, kwa sababu limemwondolea mgeni haja ya kujua mwenyeji ni nani. Kwenye diski mpya kutoka dukani ni zuri sana. Kwenye diski ya mtu, msilibonyeze mpaka mmefanya haya.

Nakala kwanza. Akiba haiozi. Nakala iwekwe kwenye diski ya nje, kisha ichomekwe kwenye kompyuta nyingine na faili mbili tatu zifunguliwe. Nakala ambayo haijafunguliwa ni matumaini.

Pili, picha. Kabla ya kugusa, piga picha ya ukurasa wa patisheni kwa simu: mipaka, ukubwa, mpangilio. Siku ya mzozo, hiyo ndiyo ramani ya mpimaji.

Tatu, tazama kwa macho mawili. Ubuntu na nyingi kama hiyo huwaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Ingia hivyo, fungua kila patisheni, uone kilichomo. Linux husoma NTFS ya Windows. Windows haisomi ext4. Ukitaka shahidi, mwite anayejua lugha zote mbili. Kama nami ningefanya hivyo, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia leo.

Nne, diski isiyohusika itoke. Kama kompyuta ina mbili na kazi ni kwenye moja, chomoa ile nyingine. Kisichokuwepo hakifutiki.

Tano, stima. Kuhamisha mipaka ya patisheni yenye vitu ni kama kuhamisha nyumba watu wakiwa ndani. Umeme ukipotea katikati, hapana aliye salama. Laptopu iwe na betri iliyojaa. Ya mezani iwe na UPS. Mawingu yakijikusanya juu ya Shimba Hills, ahirisha.

Sita, soma ukurasa wa mwisho. Kisakinishi chochote cha heshima huorodhesha kitakachobadilishwa kabla ya kuandika. Usome kwa sauti, jina kwa jina. Sikio husikia kosa ambalo jicho limeliruka.

Na mkishakosea? Achilieni kibodi. Zimeni. Kila dakika mfumo unapoandika ni mnazi unaokatwa. Kuna chombo huria kiitwacho TestDisk, cha Mfaransa Christophe Grenier, kinachopita diskini kutafuta alama za mipaka ya zamani na kuirudisha sajili. Pacha wake, PhotoRec, haitafuti mipaka. Huokota faili moja moja kwa kutambua zinavyoanza, ila huziokota bila majina. Fanyeni kazi juu ya nakala ya diski, msiifanye juu ya diski yenyewe. Na anayetaka kujifunza asijifunzie kwa mteja: achukue diski chakavu, au afungue kompyuta ya kubuni ndani ya VirtualBox, aivunje mara kumi.

Swali ambalo sikuuliza

Nilisema nitamrudia mwalimu.

Nilipogundua, Windows ilikuwa imeshajinakili. Nilikuwa kwenye ngazi ya tatu. TestDisk ilinionyesha mipaka ya kale, lakini mwanzo wa shamba lile ulikuwa umefyekwa. Nikaingia na PhotoRec, ikapita usiku mzima, na asubuhi nilikuwa na picha elfu kadhaa, zote zikiitwa kwa nambari. Alama za wanafunzi alikuwa nazo kwenye karatasi, Mungu amweke. Lakini picha nilimpelekea hivyo hivyo, kama watu waliookolewa baharini bila vipande vyao.

Nilitarajia kufokewa. Alivaa miwani, akaketi nami barazani kwake, akaanza kuzifungua. Huyu shangazi yangu wa Vanga. Hii harusi ya mdogo wangu. Huyu ni marehemu baba, siku aliyokuja kunitazama nikiwa chuo cha ualimu. Mimi niliandika, yeye alitaja. Mashine yote ile, na sajili zake mbili, isingeweza kusema hata jina moja. Aliyeyajua ni mtu mmoja, na alikuwa amesimama mbele yangu siku aliyoniletea laptopu, nami nikamuuliza ataijia lini.

Tulipofika kwenye picha ya mia na kitu, alivua miwani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si ungeniuliza?"

Tangu siku hiyo, kabla sijachomeka flashi, huuliza maswali matatu. Nani mwingine ameitumia kompyuta hii? Kuna siku mtu aliweka kitu pembeni ya Windows? Na ni kitu gani humu ambacho kikipotea utalia? Majibu nayaandika kwenye daftari, mteja anatia sahihi, ndipo nawasha.

Wapimaji wa ardhi wenye busara, wakitaka kujua mpaka ulipo, hawaanzi na ramani. Humwita mzee, wakatembea naye, akawaonyesha: hapa pana kisima cha babu, hapa tulizika, mnazi huu ni wa fulani. Ramani huja baadaye, kuandika alichosema. Nasi mafundi tunayo laptopu mkononi na mwenyewe mbele yetu. Tutembee naye kwanza.